Pangaboi Lisilosikia Namba

Pangaboi lina njia mbili za kumkera mwenye nyumba. Ya kwanza ni kuzunguka kivivu hata regulata ikiwa namba 5, hadi ukilala chali unaweza kuyahesabu mapanga yanavyopita. Ya pili ni kukataa namba zote isipokuwa hiyo hiyo 5: ukiweka 1, 2 au 3 limesimama kimya, ukiweka 5 linavuma mpaka pazia linapanda dirishani na mtoto anaomba shuka. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kaskazi likiwa limekolea Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, kero hizi huwapeleka watu wengi dukani kununua feni mpya. Wengi wao hawakuihitaji. Mara nyingi kilichokufa ni kipande kidogo ambacho bei yake huenda isifike hata nauli ya bajaji ya kubebea hiyo feni mpya kutoka Kariakoo.

Kabla hujatoa hela, jua kwanza kasi ya pangaboi inatoka wapi na inapunguzwaje. Ukilielewa hilo, utamweleza fundi tatizo badala ya yeye kukueleza bei.

Sumaku inayokimbia

Mota ya pangaboi imejengwa ndani nje. Katika mota nyingi, kama ile ya pampu ya maji, ganda limetulia na kiini ndicho kinachozunguka. Kwenye pangaboi, kiini chenye koili za waya wa shaba kimefungwa kwenye bomba linalotoka darini na hakisogei. Ganda la nje ndilo linalozunguka, na mapanga yamefungwa juu yake.

Koili ziko za namna mbili: koili kuu na koili saidizi. Umeme wa majumbani ni wa fezi moja, na fezi moja ikiingia kwenye koili kuu peke yake hutengeneza sumaku inayopigapiga pale pale bila kwenda upande wowote. Mota hunguruma tu. Hapo ndipo kapasita inapohitajika. Inafungwa pamoja na koili saidizi, na kazi yake ni kuufanya mkondo wa koili hiyo utangulie ule wa koili kuu. Koili mbili zikipokezana namna hiyo, sumaku inaanza kuzunguka, na ganda linaifuata kama mbwa anayefukuza daladala: anaikimbilia muda wote, haipati hata siku moja.

Kasi ya hiyo sumaku haibadiliki. Inaamuliwa na umeme wa Hezi 50 tunaotumia na idadi ya ncha za sumaku zilizosukwa kwenye mota. Mota ya ncha 14 sumaku yake huzunguka mara 428 hivi kwa dakika, ya ncha 16 mara 375, ya ncha 18 mara 333. Ganda hubaki nyuma kidogo, kwa hiyo pangaboi la kawaida la inchi 48 au 56 likiwa zima huzunguka mara 300 na kitu. Hakuna regulata itakayolizidisha hapo. Regulata kazi yake ni moja, kupunguza.

Na inapunguza kwa kudhoofisha sumaku. Volti zikishuka, nguvu ya mota hushuka kwa kasi zaidi ya volti zenyewe: ukizigawa volti kwa mbili, nguvu ya kuzungusha inabaki robo. Ganda linazidi kubaki nyuma, mapanga yanapoa. Mchezo huu unafaa kwa feni kwa sababu hewa ni mzigo mwepesi unaopungua kadiri kasi inavyopungua, hivyo mota dhaifu bado inaumudu. Friji na pampu ya maji havivumilii hivyo. Kompresa inadai nguvu ile ile iwe inakwenda haraka au polepole. Ukiipunguzia volti inakwama, inanguruma, na koili zinaungua. Nimeona mtu amefunga regulata ya feni kwenye pampu ya kisima ili maji yatoke taratibu. Bomba la maji lina koki. Tumia koki.

Regulata gani iko ukutani kwako?

Kwenye nyumba za zamani, hasa majengo ya serikali na nyumba za miaka mingi mjini, utakuta boksi kubwa lenye mshikio wa kuzungusha. Ndani yake mna waya mrefu wa upinzani uliozungushwa kwenye kigae. Umeme ukipita humo, sehemu ya volti inapotea kama joto, na feni inapata kilichobaki. Weka kiganja juu ya boksi hilo likiwa namba 1 usiku kucha: lina vuguvugu. Joto hilo ni uniti zako. Feni imepunguza kasi kweli, lakini sehemu ya umeme uliodhani umeuokoa inapasha ukuta. Boksi la namna hii likianza kunuka au kubadilika rangi, litoe.

Lina ndugu yake wa sura ile ile, ila ni mzito kupita kiasi. Huyo ndani yake mna koili iliyosukwa kwenye chuma, yenye matawi ya namba. Hapotezi joto jingi, hapigi kelele, na anaweza kuishi kuliko rangi ya nyumba. Ukimkuta anafanya kazi, mwache hapo alipo.

Kisha kuna regulata ya kitufe kinachozunguka laini bila kugota kwenye namba. Hii ni ya kielektroniki. Moyo wake ni kifaa kidogo chenye miguu 3 kiitwacho trayaki, ambacho hufanya kazi ya kuukata umeme. Umeme wetu hupanda na kushuka, nusu wimbi baada ya nusu wimbi, mara 100 kwa sekunde. Trayaki huzuia sehemu ya mwanzo ya kila nusu wimbi na kuachia iliyobaki. Feni inapata volti pungufu, lakini inazipata kwa vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyoleta ule mlio wa mmm unaousikia feni ikiwa kasi ya chini na nyumba imetulia. Redio ya mawimbi ya kati ikiwa chumba hicho hicho nayo italalamika. Si hatari, ila kwa chumba cha kulala siipendi.

Regulata hii ina tabia ya kuijua. Trayaki ikiungua, mara nyingi huungua kwa kujifunga: umeme unapita wote bila kukatwa. Ukiona feni ya kitufe laini inakwenda kasi moja ya juu hata ukizungusha kitufe vipi, usiishuku feni. Na ukiiwasha kutoka kasi ya chini kabisa inaweza kunguruma bila kuondoka. Iwashe juu, ikishika mwendo uishushe.

Usikubali kuuziwa kipunguza mwanga wa taa eti kinafaa kwa feni kwa sababu vinafanana. Taa ya zamani ya waya haina koili, feni inayo, na koili hurudisha mkondo kwa wakati ambao kifaa cha taa hakikutengenezwa kuusubiri. Matokeo yake feni inatetemeka, inachagua kasi yenyewe, na kifaa kinaweza kuungua.

Ya nne ndiyo ningeifunga nyumbani kwangu: regulata ya namba inayogota, tak, tak, tak, kutoka 0 hadi 5, nyepesi mkononi. Ukiifungua utaona vitofali viwili vya plastiki, mara nyingi vimeunganishwa kuwa kimoja chenye miguu 3. Hizo ni kapasita, kwa mfano moja ya mikrofaradi 1 hivi na nyingine ya 2 au 3 na pointi. Hizi zinakaa njiani, umeme unapita ndani yake kabla ya kufika kwenye feni. Kadiri kapasita inavyokuwa ndogo ndivyo inavyozuia zaidi: kwa umeme wa Hezi 50, ya mikrofaradi 1 inazuia kiasi cha omu 3,180, ya 3.3 kiasi cha omu 965. Namba za chini zinatumia kapasita ndogo, namba ya 4 inaziunganisha zote mbili. Kwa kuwa kapasita inazuia bila kugeuza umeme kuwa joto, regulata inabaki baridi, feni haingurumi, na matumizi ya umeme yanashuka kweli ukienda namba 2.

Namba 5 ya regulata hii haipiti kwenye kapasita yoyote. Ni waya mtupu kutoka swichi hadi feni. Kumbuka hilo, tutalitumia sasa hivi.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji unataka ya kugota yenye kapasita, na usome wati zilizoandikwa mgongoni. Feni ya kawaida inakula wati 70 hadi 80, hivyo regulata ya wati 100 inatosha kwa feni moja. Mbili kwa regulata moja hapana: feni ya pili inabadilisha hesabu yote, na namba za chini zitakuwa za mapambo. Pima pia kiboksi cha ukutani kabla hujaondoka nyumbani. Regulata nyingi zinazotoka India zimetengenezwa kuingia kwenye fremu za vipande vidogo vidogo vya kupachika, na kiboksi chako cha mraba cha mtindo wa Kiingereza kinaweza kuikataa katakata.

Kumtafuta mgonjwa

Anza na umeme wenyewe. Kama pangaboi linakuwa zito saa mbili usiku na kuchangamka lenyewe saa tisa alfajiri, hadi unaamka kujifunika, hakuna kilichoharibika ndani ya nyumba yako. Saa mbili mtaa mzima umewasha majiko, pasi na runinga, volti zimeshuka. Alfajiri wamelala, zimerudi. Chukua multimita, iweke kwenye volti za AC kipimo cha 600 au 750, pima kwenye soketi nyakati hizo mbili. Badala ya 230 ukasoma 180, nguvu ya mota imebaki kama asilimia 61. Feni yoyote itachoka hapo, mpya na ya zamani. Barua yako iende TANESCO, ZECO au Kenya Power, kutegemea unalipa wapi, na majirani watie saini.

Volti zikiwa sawa, weka regulata namba 5. Kwa regulata ya kugota, hapo umeiondoa njiani. Feni ikikimbia vizuri kwenye 5 na kusuasua au kusimama kwenye namba nyingine, mgonjwa ni regulata: kapasita zake zimekufa. Feni ikienda kwenye 1 hadi 4 na kukata kwenye 5, ni kigusio cha ndani kimeungua, na ni regulata tena. Feni ikiwa nzito hata kwenye 5, acha ukuta, panda juu.

Lakini kabla ya ngazi, fanya jaribio la fagio. Zima feni kabisa. Simama sakafuni, kamata mti mkavu wa fagio, usukume panga moja taratibu. Pangaboi zima linapaswa kuendelea kuzunguka lenyewe mizunguko kadhaa, kimya, na kufa polepole. Likisimama mara unapoliachia, au likikwaruza, beringi zimekauka au zimekwisha. Hakuna kapasita wala regulata itakayoponya hilo. Beringi zinauzwa kwa namba zilizochongwa ukingoni, na 6201 na 6202 ndizo zinazokutwa mara nyingi kwenye mapangaboi; mwachie fundi ashushe feni, kwa kuwa kufungua ganda na kulirudisha likae sawa kunahitaji mkono uliozoea.

Likizunguka vizuri kwa fagio, sasa washa umeme, namba 5, na usikilize. Inanguruma bila kuondoka? Isukume tena kwa mti huo huo, si kwa mkono, kisha rudi nyuma. Ikishika mwendo kuelekea upande ulioisukumia, izime, isukume upande wa pili, uwashe. Ikienda upande huo pia, umeshapata jibu bila kupanda popote: kapasita ya feni imekufa. Koili kuu peke yake haijui kulia wala kushoto, inafuata ulikoanzishia. Usiiache ikafanya kazi hivyo, wala usiiache inanguruma imesimama, maana koili inapata moto haraka.

Kapasita huwa haifi yote kwa mkupuo. Ndani yake mna utepe wa plastiki uliopakwa chuma chembamba mno. Kila volti zinaporuka, umeme unaporudi baada ya kukatika kwa mfano, kidoa cha chuma huungua na kutoweka, na kapasita inaendelea na kazi ikiwa na uwezo pungufu. Vidoa vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Iliyoandikwa 2.5 inafika 2.2, inafika 1.8, na feni inapungua kasi kidogo kidogo, wenye nyumba wakizoea, hadi mgeni anapokuja na kuuliza kwa nini hiyo feni inazunguka kama imekopeshwa umeme. Uzito wa namna hii, unaokuja taratibu na kukaa kwenye namba zote, mimi huutafutia kapasita kabla ya kitu kingine.

Kuibadilisha

Zima umeme kwenye meni swichi. Swichi ya ukutani haitoshi. Zipo nyumba ambazo fundi alifunga swichi kwenye nyutro, feni inazimika huku waya wa moto ukiwa umejaa juu. Mwambie kila aliye nyumbani kwamba uko juu, au chukua ufunguo wa boksi uweke mfukoni. Panda kwenye ngazi inayosimama yenyewe, si kiti juu ya meza. Kabla hujagusa kitu, gusisha testa kwenye waya zinazoingia, baada ya kuijaribu testa hiyo mahali penye umeme na kuona inawaka.

Legeza skrubu ya kikombe kinachofunika maungio, kilicho karibu na mota au kile cha darini, kitelezeshe kwenye bomba. Kapasita ni kitofali cheusi au cheupe chenye waya mbili. Piga picha kwa simu kabla hujatenganisha chochote, picha mbili, moja kwa karibu. Kisha imwage kapasita chaji iliyobaki: gusisha waya zake mbili kwenye miguu ya balbu ya zamani ya waya, au ziunganishe kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki mzima. Kapasita ndogo kama hii haina mshituko wa kuua, ila ina mshituko wa kutosha kukutoa kwenye ngazi.

Kama multimita yako ina kipimo cha mikrofaradi, ipime. Pembeni pameandikwa uwezo wake na alama ya kuongezeka au kupungua asilimia 5. Ya 2.5 ikisoma 2.4, ni nzima, tafuta ugonjwa kwingine. Ikisoma 1.7, mlaumu huyo.

Dukani muuzaji atakuuliza, "Ya ngapi, bosi?" Mwoneshe ya zamani. Uwezo uwe ule ule: ilikuwa 2.5, nunua 2.5. Volti ziwe 400 za AC au zaidi. 440 na 450 ni za kawaida. Usichukue kapasita ya duara ya redio yenye alama ya chanya na hasi, hata kama namba ya mikrofaradi inalingana. Ile ni ya umeme wa DC, na kwenye feni inaweza kupasuka. Kapasita ya feni haina chanya wala hasi, waya yoyote inakaa popote kati ya zile mbili.

Hapa kuna ushauri utakaopewa na utakaokuvutia: weka ya 3.5 au 4, feni itakuwa na kasi zaidi. Kwa siku za mwanzo inaweza kuwa kweli. Koili saidizi inapokea mkondo mwingi kuliko iliosukiwa, inachangia zaidi, mapanga yanachangamka na fundi anaonekana bingwa. Lakini waya wake ni mwembamba. Unachemka, vanishi inayozitenga nyaya inakuwa kahawia halafu nyeusi, na jioni moja chumba kinanuka plastiki iliyokaangwa. Baada ya hapo ni kusuka mota upya, na kwa feni ya bei nafuu gharama ya kusuka mara nyingi inakaribia ya feni mpya. Kapasita kubwa ni njia ya pole pole ya kununua feni.

Unganisha kama picha inavyoonesha, tumia konekta, zungushia tepu ya umeme, hakikisha waya haukwaruzwi na ganda linalozunguka. Waya wa kijani, au kijani chenye mstari wa njano, ni wa athi; kama haukufungwa, ufunge, maana ganda la feni ni chuma. Rudisha umeme. Mapanga yakizunguka kinyume na kusukuma hewa kuelekea darini, kapasita imekaa kwenye waya usio wake: zima kwenye meni, rudi kwenye picha.

Kubadilisha regulata ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna ngazi, ila masharti ya meni swichi ni yale yale. Ina waya mbili tu na haijali ipi ni ipi. Inakaa kwenye waya wa moto, baada ya swichi, kabla ya feni: mwekundu kwenye nyumba za zamani, wa kahawia kwenye mpya. Mweusi au wa bluu ni nyutro, usiuguse. Pangaboi lenye taa, hakikisha taa ina waya wake usiopita kwenye regulata, la sivyo balbu ya LED itapepesa kila ukibadilisha namba. Ukifungua kiboksi ukakuta rangi zimechanganywa, nyaya zimeungua au kuna maji ya mvua yaliyopita ukutani, funga, muite fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, na una haki ya kuomba kuiona.

Kasi ipo, upepo hakuna

Wakati mwingine mota haina kosa. Feni iliyobanwa juu sana, mapanga yakiwa kiganja kimoja tu kutoka darini, haipati hewa ya kuvuta. Bomba refu kidogo, mapanga yakae sentimita 30 hivi chini ya dari na si chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, linaweza kukupa upepo kuliko namba mbili za regulata. Vumbi la ukingo wa mbele wa panga, lile linaloganda na mafuta ya jikoni, nalo linapunguza upepo na kuleta mtikisiko. Lifute kwa kitambaa chenye sabuni huku mkono mmoja ukilishika panga lisipinde. Panga lililopinda halirudi sawa kwa kukisia. Ukilazimika kubadilisha, nunua seti nzima.

Uniti, betri na feni za rimoti

Feni ya wati 75 ikizunguka saa 10 kwa usiku inakula uniti 0.75, sawa na uniti 22.5 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la D1, anayetakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu theluthi ya mgao wake kwa feni moja. Kuishusha hadi namba 2 au 3 baada ya saa sita usiku, kwa regulata ya kapasita, kunaonekana kwenye mita ya LUKU. Kwa boksi la zamani la joto utaona tofauti ndogo.

Anayetumia inveta na betri asikilize feni yake. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na mota huupokea kwa kunguruma na kupata moto. Regulata ya kapasita nayo haiupendi. Ukiwa kwenye betri weka namba 5, au nunua inveta ya wimbi laini kama feni ni ya kila usiku.

Ziko pia feni mpya za sumaku ya kudumu, zinazokuja na rimoti na kuandikwa BLDC kwenye boksi. Zinakula wati 28 hadi 35 kwa kasi ya juu, yaani uniti 8.4 hadi 10.5 kwa mwezi badala ya 22.5, na kasi yake inaendeshwa na saketi iliyo ndani ya feni yenyewe. Bei ni kubwa kidogo, ila kwa chumba cha kulala cha pwani ningeilipa. Saketi hiyo inataka umeme kamili muda wote. Ukiifunga nyuma ya regulata ya zamani itawaka na kuzima, na dhamana ya duka haitakusaidia. Itoe regulata ukutani kabisa, unganisha nyaya zake mbili kwa konekta, funika kiboksi kwa kifuniko kitupu, na andika kwa kalamu ya wino mgongoni mwa kifuniko kwamba waya ulio humo una moto, ili fundi atakayekifungua miaka ijayo asikisie.